Mbweha Mwalimu na Hadithi za Ugiriki

Mwaka ule masika yalipita bila tone, na uwanda mzima ukakauka. Likabaki dimbwi moja tu, chini ya jabali la Simba. Wanyama wote wakawa wanakunywa hapo kwa zamu.

Ndipo Mbweha alipojifanya mwalimu. Alidai kwamba aliwahi kuketi na Korongo, yule ndege anayekuja kila mwaka kutoka kaskazini, na kwamba Korongo alimfundisha hadithi za wanyama zinazosimuliwa Ugiriki tangu kale, kila moja na funzo lake.

"Ukame huu umeletwa na tabia zetu mbovu," alimwambia Simba. "Wasikie hadithi moja kila asubuhi kabla ya kunywa. Tena humo, Bwana mkubwa, simba ndiye mwenye hekima kuliko wote."

Simba alinyoosha shingo. "Naruhusu," alisema.

Tangu hapo hakuna aliyelowesha ulimi kabla ya funzo, na mafunzo yote yaliishia mahali pamoja: mwenye kitu atoe. Ilisimuliwa ya nguchiro aliyeficha panzi wakamsakama kooni; nguchiro wakatoa panzi. Ikasimuliwa ya ndege aliyenyimwa mvua kwa sababu ya yai moja. Ndege wakatoa mayai. Vyote viliwekwa katika pango moja, eti kwa wazee na wagonjwa wasioweza kutembea. Fisi akawa mlinzi wa pango, kwa ahadi ya mifupa.

Kanga alikuwa na mayai kumi na mawili. Alipotoa la kwanza alijiona mwema. Alipotoa la tisa alijiona mpumbavu.

"Mwalimu," aliuliza, "mbona hao wagonjwa hatujawahi kuwaona?"

Mbweha alishusha pumzi kwa huruma. "Kuna hadithi ya kanga aliyeuliza sana. Ungependa kujua aliishiaje?"

Wenzake walicheka. Kanga alikunywa akiwa ameinamisha kichwa, uso ukimwaka kwa aibu.

Njiani alimkuta Korongo juu ya kichuguu, amejaa vumbi la safari. Kanga alimsalimu, akamweleza yote.

"Mimi niketi na mbweha?" Korongo alisema. "Ningeketi naye, nisingekuwa hapa. Hadithi za Ugiriki nazijua, nazisikia nikiwa juu ya mapaa, bibi wa huko wakiwasimulia wajukuu zao. Mbweha wa humo ni laghai karibu kila mara."

"Na simba?"

"Simba huchekwa."

Kanga alitabasamu. "Kesho asubuhi uje unywe maji."

Kesho yake Mbweha alikuwa katikati ya hadithi ya kanga bahili, Korongo akatua. Mbweha aliinama. "Mwalimu wangu amefika," alisema.

"Sikujui," Korongo alijibu.

Kanga alimgeukia Simba. "Bwana, muulize simba wa Ugiriki yukoje."

Simba alituna, akauliza.

"Huchekwa, Bwana. Hata na watoto wadogo."

Simba alisimama. Siku zote zile alikuwa ameona wanyonge wakinyang'anywa chakula, akapiga miayo. Hili sasa lilimuuma. "Lifunguliwe pango," alisema.

Fisi hakungoja kuulizwa. "Humo hamna mgonjwa, Bwana. Mwalimu huingia peke yake, hutoka akijilamba. Mimi aliniahidi mifupa, akanipa maganda."

Walichungulia. Waliona maganda ya mayai, miguu ya panzi, na kitanda cha majani kilichobonyea kwa umbo la mbweha aliyeshiba.

"Kuna hadithi moja," Mbweha alianza.

"Toka," Simba alisema.

Nguchiro walimkimbiza uwanda mzima wakimng'ata mkia, na dimbwini hakuonekana tena.

Simba alirudi jabalini, akatengeneza manyoya ya shingo, akatangaza kwamba alikuwa anajua tangu mwanzo. Kisha akakohoa. "Kila kisa kina funzo lake. Korongo, tusimulie. Simba usimsahau."

Wanyama waliketi kwa adabu, midomo mikavu, kama walivyozoea. Kanga hakuketi. Alishuka dimbwini mbele ya macho yao, akanywa hadi akatosheka, akaenda zake kuatamia mayai yake matatu.