Zamu Hewani

Asubuhi ambayo Djamali aliondoka Kindu kwenda Lokandu na asirudi tena, vita vilikuwa vimefunga reli, na mto tu ndio uliobaki njia. Binti yake Sifa alikuwa bado katika shule ya msingi. Hakukupatikana kaburi wala habari. Yalibaki maneno ya baba. Wahenga walisema akiba haiozi, yaani kilichowekwa vizuri humfaa mtu siku asiyoitarajia. Na si lazima kiwe nafaka.

Djamali aliendesha foni, ile redio ambayo wakati wa vita watu walijipanga foleni ili kuzungumza na jamaa zao wa mbali. Wimbi lilikuwa moja, wenye shida wengi. Aliyebonyeza kitufe na kulia kwa muda mrefu aliwafungia wote njia. Kwa hiyo Djamali aliwazoeza desturi: sema jina, sema jambo, kisha sema "nakuachia" na uondoe kidole.

"Hewa ni njia nyembamba, Sifa," alimwambia. "Mwenye mzigo mkubwa huwazibia wenzake, na yeye mwenyewe hapiti."

Sifa akakua, akawa mwalimu huko Mikelenge, mojawapo ya mitaa ya Kindu. Mwaka huu aliwapeleka wanafunzi wake kwenye mashindano ya roboti, ambapo timu moja tu ingechaguliwa kwenda Kinshasa. Roboti yao ya kubeba mzigo, iliyoongozwa kwa simu bila waya, ilitembea vizuri shuleni. Ukumbini iliganda kama gogo. Walibakiwa na jaribio la mwisho.

"Mwalimu, iko inakataa tena!" alilia Sandrine, msichana aliyeiongoza.

"Muliilisha bukari mingi!" timu ya jirani iliwacheka, kana kwamba roboti imevimbiwa ugali, ingawa roboti yao nayo ilikuwa ikizunguka kama mlevi anayetafuta mlango.

Sifa alitazama ukumbi. Kila roboti ilirusha picha za kamera bila kukoma kupitia mtambo mmoja wa intaneti, uleule uliopitisha amri za simu, na wazazi nao walitumia mtambo huohuo kuwaonyesha jamaa wa Goma. Hali hiyo aliijua tangu utotoni.

"Zima kamera," alisema.

"Mwalimu! Tutaona na nini?"

"Na macho, mama. Simama karibu na uwanja. Tuma neno moja moja: mbele, kushoto, simama."

Kisha akamwomba mwamuzi, Bwana Florentin, timu zote zizime kamera na zirushe amri kwa zamu, na wazazi wauache mtambo.

"Shemeji yangu njo alikuwa anaanza kuona!" mzazi mmoja alinung'unika, akimkatia shemeji picha zilipoanza tu kuonekana.

Sandrine alimvuta mwalimu mkono. "Na wao wakipata njia, si watatushinda?"

"Huenda. Lakini njia ikizibwa, hata sisi hatupiti."

Florentin alikubali. Hewa ikatulia. Roboti ya jirani iliamka, ikafika karibu kabisa na mwisho, ikaangusha mzigo wake. Zamu ya Mikelenge ikafika. Mbele. Kushoto. Simama. Mashine ilitii kama mtoto aliyelelewa vizuri, ikauweka mzigo mahali pake. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, na hata wale jirani wakapiga makofi.

Sifa alitoka nje, akafuta machozi.

"Asante, baba," alisema polepole. "Asante sana."

Wiki ijayo Sandrine na wenzake wanapanda ndege kwenda Kinshasa. Hakika, akiba haiozi.