Betri Iliyovimba Nyumbani kwa Fisi

Hapo kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na taa zao, Pimbi aliishi mlimani na paneli yake ya sola. Mchana paneli ilichaji betri ya lithiamu, jioni taa ikawaka.

Siku moja asubuhi Fisi, jirani wa bondeni, akaja akamnyang'anya paneli na betri. Akaacha kisanduku kidogo kilichounganisha vitu hivyo viwili.

"Chukua na hicho," Pimbi akamwambia. "Betri ikijaa, ndicho kinachokata umeme."

"Mimi sitaki kukatiwa. Nautaka wote," Fisi akajibu, akaenda zake.

Jua likawa kali. Pimbi alikuwa na hasira, lakini akawakumbuka watoto wa Fisi. Akashuka bondeni mbio.

Akakuta nyaya za paneli zimefungwa moja kwa moja kwenye betri, ndani sebuleni. Watoto wamelala ubavuni mwake. Betri imevimba kama andazi, na inatoa sauti: tsss, tsss.

"Bwana Fisi, hiyo italipuka. Itoe nje."

"Imenenepa kwa sababu imeshiba," Fisi akasema, akisimama mlangoni. "Unataka kuniibia."

Pimbi akaona akibishana naye watoto wataungua. Akashusha sauti.

"Haya, ni yako. Ila Simba anakuja kuichukua. Nimempita pale mtoni."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Nifanyeje?"

"Chomoa nyaya, asije akazifuata. Kisha ifukie mchangani, mbali na nyumba. Upesi."

Fisi akachomoa nyaya, akaitia betri kwenye karai, akatoka mbio, Pimbi nyuma yake.

"Mbona ya moto hivi?"

"Usisimame, jirani. Simba huyo."

Fisi akaitupa kwenye shimo lililokuwa mchangani, akasukumia mchanga. Walikuwa wamegeuka tu kurudi waliposikia puu! Mchanga ukaruka, moshi ukatanda. Watoto wakatoka nje wakilia, lakini wazima.

Fisi akaketi chini.

"Simba yuko wapi?"

"Hayupo. Ukweli nilikuambia mara mbili, ukakataa. Ikabidi nikudanganye."

Fisi akawakumbatia watoto wake mmoja mmoja, kisha akaibeba paneli mwenyewe mpaka mlimani.

Nami naishia hapa, wanangu, mkijua kwamba hata kitu kizuri kikizidi kipimo huwa hatari.