Mkwe Hapekuliwi

Ni nani kati yenu, baba mkwe wake akifika mlangoni na mkungu wa ndizi begani, atamwambia, "Simama hapo hapo nje, nikupekue kwanza"? Nyosheni mikono niione. Hakuna. Hata wewe mzee wa benchi la nyuma uliyekuwa mgambo, huthubutu. Basi tukae hapo hapo, maana ndipo mfano wangu unapoanzia.

Kulikuwa na baba mmoja aliyeipenda kompyuta yake kuliko wengine wanavyopenda magari. Aliiweka sebuleni, akaifunika nailoni, na juu ya nailoni kitambaa cha kufuma kilichoandikwa "Karibuni Wageni". Mtu akitaka kuigusa alivua viatu na kunawa mikono kama anaingia chumba cha upasuaji. Kwa habari ya vumbi, ndugu zangu, mashine ile ilikuwa very safe.

Na alikuwa na sababu. Ndani yake kulikuwa na kurasa sitini na tatu za historia ya ukoo. Miaka minne aliketi na mama yake mzazi, bibi anasema, yeye anachapa kwa vidole viwili: nani alimzaa nani, nani alihamia huku akitokea wapi, shamba la nani linaishia kwenye mfereji upi. Bibi alipomaliza ukurasa wa mwisho, Kwaresima ile ile akafariki. Mwingine aliyeyajua hayo hakuwepo. Ukoo mzima ulikuwa unasubiri kusomewa Desemba, watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi.

Baba huyo alikuwa na binti. Amesoma kompyuta chuo kikuu, degree safi, ajira hakuna. Msinitazame hivyo, huu ni mfano tu. Binti ndiye aliyeweka antivairasi, yaani mlinzi wa kukagua kila kinachoingia. Akamsihi baba yake watoe nakala ya zile kurasa kwenye diski nyingine, ikakae kwa shangazi. Baba akamjibu kwamba nyumba yake haijawahi kuibiwa hata kijiko, sasa nakala ya nini?

Jumamosi moja mchana akaja baba mkwe, yaani babu yake yule binti, na mkungu wake wa ndizi. Mfukoni ana flashi yenye picha za kipaimara cha mjukuu mwingine. Flashi hiyo, by the way, ilikuwa imeshapita steshenari tatu za pale stendi, na ninyi mnazijua kompyuta za steshenari za stendi.

Binti akaichomeka. Kioo kikawa chekundu, na kwenye spika ikatoka sauti ya mama mmoja wa Kizungu, mkavu kama karani wa mahakama: "Threat detected." Kuna hatari imekamatwa. Akarudia, labda hatujamsikia.

"Anasema nini huyo mama?" babu akauliza.

"Anakukaribisha, Baba," akajibu mwenye nyumba.

"Hajasema hivyo, Baba," binti akasema. "Flashi ya Babu ina virusi. Nipe dakika tano niisafishe, ndipo tuangalie picha."

Mnafikiri baba alishukuru? Alimvuta binti hadi jikoni, akamnong'oneza kwamba mtu aliyempa mke haitwi hatari ndani ya nyumba hii, na kama hiyo ndiyo adabu wanayofundishwa vyuoni, basi sasa anaelewa kwa nini hawaajiriwi. Akarudi sebuleni, akamzima yule mama kwa mkono wake mwenyewe. Kompyuta ikamuuliza, una uhakika? Akabonyeza ndiyo. Nizime kwa saa moja, au moja kwa moja? Moja kwa moja. Mtu ambaye hajawahi kusoma hata karatasi ya dawa ya kikohozi, siku hiyo alisoma kila kitufe.

Picha zikafunguka. Babu akamsifu kwa ukarimu. Ndizi zikapikwa, zikaliwa.

Jumatatu baba akaifungua historia ya ukoo. Kurasa zote sitini na tatu zilikuwa herufi zisizosomeka, kama kuku amepita juu ya kibodi. Binti alihangaika nazo wiki mbili, na hakuokoa hata jina moja.

Desemba ikafika. Ukoo umekaa kwenye viti vya kukodi, mbuzi ameshachinjwa, baba akasimama mikono mitupu. Akaanza kueleza kwamba mashine ilikuwa imezeeka. Baba mkwe, naye alikuwa amealikwa, akamkatiza.

"Ilikufa lini?"

"Ulipoondoka, Baba."

"Yule mama siku ile alisema nini hasa?"

Baba akatazama viatu vyake. "Alisema flashi yako inaumwa."

Mzee akainuka. Watu wakajua sasa ndoa inavunjika. Lakini alipofungua kinywa, sauti ilikuwa ya chini.

"Nilipotoka kwako niliipeleka kwa shemeji zako wawili. Nikaipeleka kwa katibu wa usharika. Kompyuta yangu mwenyewe imekufa tangu wiki ile, nami nikidhani panya wamekata nyaya, nawatega mpaka leo. Ungeniambia, mwanangu, ningeona aibu dakika tano, mtoto angeisafisha, tungekula ndizi zetu. Umeninyima aibu ya dakika tano, ukanipa ya kuzikwa nayo."

Jamani, nani aliiua historia ya ule ukoo? Flashi? Flashi iko everywhere, haijui inachobeba. Nyumba ile ilikuwa na mlinzi mmoja tu aliyefanya kazi yake, akafukuzwa kwa kukosa adabu. Na sisi ndivyo tulivyo. Anayetuambia "subiri, hiki kina ugonjwa" tunamvuta jikoni. Halafu kikituua tunatafuta panya.

Nilipomtaja katibu wa usharika mlicheka. Mimi sikucheka. Ijumaa niliingia ofisini kwetu hapa usharikani kuchapa maneno haya. Ile kompyuta ndiyo yenye majina yetu yote, ubatizo, kipaimara, ndoa, na wafu wetu. Kwenye kona ya kioo mtu amebandika ratiba ya usafi. Nikaiinua. Chini yake kuna alama nyekundu: mlinzi amezimwa tangu Pasaka. Na flashi ya kwaya, ile inayozunguka nyumba kwa nyumba kama sahani ya sadaka, imechomekwa pembeni.

Wazee wa baraza, with all due respect, hili haliombewi. Leo hii ratiba ibanduliwe, mlinzi awashwe, flashi ya kwaya ipimwe, na nakala ya majina yetu ikalale nyumba nyingine. Mimi nina nafasi, mnajua nina nafasi. Na wewe mwenye funguo za ofisi, sitaki amina yako. Nataka funguo, kabla ya baraka.