Mpaka wa Jua Linapozama

Wahenga hawakutania waliponena kuwa mtaka yote hukosa yote. Mwenye roho ya fisi hashibi fungu lake, jicho li kwa mwenziwe tu. Asiyeamini akaulize Mzenga, Kisarawe.

Mwaka 1937 Mzee Kondo alifariki, akaacha wana wawili, shamba la minazi na wosia mfupi: "Mkisimama kisimani, mpaka ni jua linapozama. Kaskazini kwa Mwinyimadi, kusini kwa Biubwa." Aliyasema hayo mwezi wa Machi, jua linapozama magharibi sawia, na shamba likagawika nusu kwa nusu.

Mwinyimadi, kaka mtu, alinyamaza hadi Desemba, jua liliposogea kusini. Ndipo akaliita baraza la jumbe. Kutoka kisimani, mstari wa jua ulimeza minazi yote iliyokuwa ikizaa ya Biubwa, mjane mwenye watoto watatu.

"Kaka, jua hutembea! Tupande minyaa iwe alama ya mpaka, pale lilipozama Machi," Biubwa alisihi.

"Wosia wa baba ni jua, si minyaa." Akashika Msahafu bila haya. "Wallahi, linapozama leo ndipo linapozama siku zote!"

Mtu akishakula yamini, nani atabisha? Jumbe akaandika. Miezi ile watoto wa Biubwa walitafuna makopa ya muhogo, huku mjomba wao akiangua madafu mbele yao. Aibu iliyoje!

Biubwa hakugombana tena. Alisubiri. Juni, jua lilipokwisha kwenda kaskazini, aliliita baraza lile lile kisimani, jioni.

"Kaka aliapa kuwa linapozama leo ndipo siku zote," alisema. "Haya, na tutazame."

Jua likazama mbali, kaskazini ya nyumba ya Mwinyimadi. Nyumba yake ikawa upande wa Biubwa.

"Kama uliapa uongo, utafungwa," jumbe alimwambia. "Kama uliapa kweli, mpaka ni huu. Sema."

Mwinyimadi akaitazama nyumba yake. "Niliapa kweli."

Minyaa ikapandwa papo hapo. Mwinyimadi akabakiwa na kichaka na vichuguu vya mchwa.

"Biubwa, sisi damu moja..."

"Damu hiyo ilikuwa wapi wanangu walipolala njaa? Mimi sikukufukuza, kaka. Limekufukuza jua lako."

Hata hivyo hakucheka. Idi ilipofika alipika wali wa nazi, akala akilia, maana ndugu yake pekee hakuja, naye hakumwita.

Mwinyimadi, aliyepewa nusu ya shamba bure, alizeekea kibandani kichakani. Mtaka yote hukosa yote.