Pengo Katika Wimbo wa Mtama

Hapo zamani, zamani ile uongo ulipokuwa haujaota meno na ukweli ulikuwa ungali unanyonya, palikuwa na nchi iitwayo Ulembe. Msiitafute. Miguu yenu hii ya siku hizi haifiki. Mtama wa Ulembe ulirefuka hata ndege wakitaka kuula hupumzika njiani.

Kikaja kiangazi. Si hiki chenu cha kulalamikia vumbi. Kile kilikausha mto, kikakausha visima, kikakausha hata mate ya wasengenyaji, kijiji kikapata amani ambayo hakijaipata tena mpaka leo. Wazee wakakaa baraza kwa Mtemi Ngelela, wakasema mvua imekasirika, ipikiwe pombe ya tambiko. Na mila ya Ulembe ni hii: pombe ya mvua haipikwi kwa mtama wa hovyo. Mvua hupewa mtama bora. Wakachungulia vihengeni walimoweka nafaka. Mtama bora uliobaki ulikuwa mmoja tu, nao ni wa mbegu.

"Wazee wangu, tukipika mbegu tutapanda nini?" aliuliza Kalunde.

Kalunde alikuwa mke wa Mihambo. Alikuwa kijana bado, lakini ndiye aliyewaongoza wanawake wa Ulembe katika wimbo wa kupura mtama, maana sauti yake ilikuwa ikitoka asubuhi, inarudi jioni imechoka.

"Mwanangu," wazee walimjibu, "kwanza mvua, akili baadaye."

Wakapika. Kibuyu kimoja wakaimwagia mvua, vilivyobaki wakaisaidia kunywa. Na mvua ikaja! Ilinyesha mvua ambayo hizi za kwenu ukizilinganisha nayo ni jasho. Ardhi ikalainika kama uji. Watu wakatoka na majembe, wakacheza, wakachimba mashimo, mistari kwa mistari. Kisha wakasimama kando ya mashimo yao wakatazamana. Hawakuwa na cha kutia.

Basi zikaletwa habari kwamba ng'ambo ya mto Nzwila, katika nchi ya Busenga, yuko bibi mmoja mwenye vihenge vilivyojaa. Wakatoka wanaume watatu kwenda kuomba mbegu. Wa kwanza Lugembe, mdomo wake ungeweza kumwuzia samaki maji. Wa pili Kashindye, shingo kama kinu. Wa tatu Mihambo, mume wa Kalunde, ambaye hakuwa na sifa yoyote ya kutangaza, isipokuwa kwamba akianza kusimulia kichekesho alicheka mwenyewe kabla ya kukifikisha, na mkewe akacheka kwa kumwona anacheka, na hicho kichekesho hakuna aliyewahi kukisikia mwisho wake.

Kalunde alisimama mlangoni. Alimtazama mumewe akienda, akapita mashimo matupu, akapita kichuguu, akawa mdogo, akawa kidole, akawa hakuna. Bado akasimama.

"Kalunde, kishaondoka," mama mkwe wake alimwita kutoka ndani. Huyo ni Mama Nshoma, aliyemzaa Mihambo peke yake, hana mwingine. "Njoo ufunge mlango, mbuzi wanaingia."

"Nakuja, mama," alisema Kalunde. Na mbuzi wakaingia.

Wakakaa. Mashimo yakaanza kuziba. Magugu yakachungulia. Kisha asubuhi moja Kalunde akaona kwa mbali vichwa vinakuja, na juu ya vichwa mizigo. Akaona kichwa cha Kashindye, amebeba mzigo wa watu wanne. Akaona kichwa cha Lugembe, mdomo unatangulia. Akatazama nyuma yao. Akaendelea kutazama nyuma yao hata walipokwisha kufika na kutua mizigo mbele yake.

"Shemeji," alisema Lugembe, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alitafuta maneno. "Mihambo mzima. Anakusalimu."

"Yuko wapi?"

"Keti kwanza, shemeji."

"Sikuuliza mahali pa kuketi."

Basi Lugembe akaeleza. Bibi wa Busenga aliwapokea kwa kuwafungulia mbwa. Lugembe akawasemesha mbwa, wakalala. Akamsemesha bibi, akacheka. Lakini mbegu akakataa kuuza. Akasema, "Mbegu haiuzwi, huazimwa. Vuneni, mnirudishie. Na mpaka mtakaporudi, niachieni mtu." Kashindye akajipiga kifua: nibakize mimi, nitakulimia milima. Bibi akamwuliza, "Wewe unangojwa na nani?" Kashindye akasema wazazi wake walikwisha kufa na mke hajaoa. "Basi hutafuatwa," bibi akasema. "Mtu asiyengojwa si dhamana." Lugembe akasema yeye anangojwa na watu wengi. "Hao," bibi akasema, "wanakungoja wakupige."

"Ndipo Mihambo akasema, mimi nina mke," alimalizia Kashindye, maana mdomo wa Lugembe ulikuwa umekauka. "Bibi akamwuliza, anakupenda? Mihambo akasema, nikienda shambani tu hapo karibu husimama mlangoni, na mbuzi wanaingia. Bibi akasema, huyu anatosha. Akatufungulia vihenge. Shemeji, mbegu hizi amezitoa kwa sababu yako wewe. Na Mihambo alisema tukuambie usikunje mkeka."

Maana mila ya Ulembe ndiyo hiyo: mkeka wa aliyesafiri haukunjwi. Hutandikwa vile vile alivyoamka, na mkewe hulala kando yake, mpaka mwenyewe arudi aukunje.

Wakapanda. Mtama ukaota, ukawapita watu mabega, ukawapita vichwa. Kalunde alipalilia sehemu yake na ya mumewe. Jioni akipika ugali alipika wa wawili, kwa sababu mkono ulikuwa haujaambiwa. Fungu la Mihambo likawa la kuku. Kuku wa Kalunde wakanenepa hata jogoo akawika ameketi.

"Kalunde we, kuku wako wanamfaidi mumeo kuliko wewe!" majirani walimtania.

"Waache wale," alijibu. "Akirudi atawala wao."

Alicheka nao. Kisha akiwa peke yake alijaribu kukumbuka kicheko cha Mihambo, akakipata. Siku nyingine akakijaribu tena, akakipata nusu.

Wakavuna. Kashindye na wenzake wakajitwika mbegu, bora kuliko zile walizoazimwa, wakaenda Busenga kumkomboa Mihambo. Kalunde akateka maji ya kumwogeshea, akayapasha moto. Yakapoa, akayapasha tena.

Walirudi na mbegu zao vichwani.

Hawakumkuta mtu Busenga. Mvua ile ile iliyoukuza mtama wa Ulembe ilikuwa imeupandisha mto Nzwila, mto ukapita katikati ya nchi ya yule bibi. Walikuta vihenge vimelala kifudifudi na majivu ya mekoni yameota majani. Watu walihama, na Mihambo pamoja nao, kama alikuwamo. Juu ya mto au chini ya mto, hakuna wa kuuliza. Tangu hapo kila kiangazi Mtemi alituma watu wakamtafute vivukoni, na kila mara walirudi na miguu iliyopasuka, na Kalunde akawapa maji, na hakuwauliza, maana alikuwa amekwisha kuwatazama nyuma yao.

Sasa, sikilizeni vizuri, hapa ndipo masikio yanapofanya kazi.

Ulembe hupura mtama kwa wimbo. Wanawake huzunguka uwanja, fimbo juu, fimbo chini, na wimbo una pengo mahali pamoja. Katika pengo hilo hutiwa jina la shujaa wa nchi. Jina moja. Hilo huimbwa kila mavuno, watoto wanalinyonya na maziwa, mpaka azaliwe shujaa mwingine wa kulitoa. Wakati ule lilikuwa likiimbwa jina la mtu aliyeua chui zamani za babu zao. Watu wakasema, chui yule kafa mara nyingi mno. Sisi tumeokolewa kwenye njaa miaka ya juzi tu. Mavuno haya tutie jina jipya.

Mtemi Ngelela akawakusanya uwanjani, mtama umemwagwa, wanawake wameshika fimbo.

Lugembe akawa wa kwanza kusimama. "Mtemi, mbwa walinyamazishwa na nani? Bibi alichekeshwa na nani? Bila mdomo huu tungerudi tumeng'atwa, na mashimo yangekuwa makaburi yetu. Shujaa ni anayefungua mlango. Niimbeni mimi."

"Maneno huota?" Kashindye akasimama. "Mto ulikuwa umejaa, Mtemi. Nilivuka na mzigo kichwani na maji shingoni, nikarudi nikavuka na mzigo wa huyu msemaji, nikarudi nikavuka na msemaji mwenyewe, maana alikuwa analia. Mamba akanila kisigino hiki. Shujaa ni anayebeba. Niimbeni mimi."

"Kisigino hicho ulijikata kwa jembe, umelewa pombe ya mvua!"

"Njoo utazame alama za meno!"

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Walipotulia, Mama Nshoma akasimama kwa mkongojo wake, na hakuna aliyebaki na kicheko.

"Mnagombania jina la mwanangu," alisema. "Mlikwenda watatu, mkarudi mnakula. Asiyerudi ndiye aliyewalisha. Mtemi, mimi masikio yangu yanakufa. La kushoto limekwisha kwenda. Nataka kabla ya hili la kulia kufa, niwasikie wanawake wa nchi hii wakimwita mwanangu kwa pamoja. Mwimbeni Mihambo."

Uwanja ukavuma kukubali. Lugembe akaketi, Kashindye akaketi.

Lakini Mtemi aliinamisha kichwa, maana aliijua mila, na sasa nanyi ijueni. Shujaa huimbwa mara ya kwanza amesimama uwanjani, watu wanamwona. Akiimbwa hayupo, hayo ni matanga. Wimbo ukiisha wazee huenda nyumbani kwake, huukunja mkeka wake na kuuchoma. Mkewe hunyolewa, huwa huru kuolewa. Na mtu aliyeimbwa hatafutwi tena. Kiangazi kikija hakuna anayetumwa vivukoni.

"Kalunde," alisema Mtemi, "wewe ndiye kiongozi wa wimbo. Na wewe ndiye mwenye mkeka. Sema."

Kalunde alimwangalia mkwewe. "Mama, huyo unayetaka aimbwe labda sasa hivi yuko njiani. Akifika akakuta majivu ya mkeka, nimwambie nini?"

"Na asipofika?" Mama Nshoma alisema. "Mwanangu, mimi nilimngoja kabla yako. Nilimngoja tumboni. Unadhani sijui kungoja? Lakini tukifa sisi wawili, Mihambo atakuwa mtu mmoja tu aliyetoka akapotea. Nani atamjua? Wimbo hausahau."

"Wimbo unamkumbuka, lakini haumtafuti."

"Na wewe unamtafuta, lakini humpati."

Ndipo Kashindye, yule wa kisigino, akasimama tena, na safari hii hakujipiga kifua.

"Mtemi, kuna neno tumelipita. Bibi wa Busenga aliikataa nguvu yangu, akaukataa mdomo wa Lugembe. Hata Mihambo hakumpokea kwa kuwa ni Mihambo. Alimpokea kwa kuwa anangojwa. Tulichokiweka rehani ni kungoja kwa huyu mwanamke. Yeye yupo hapa, amesimama, tunamwona. Akiimbwa yeye hakuna mkeka unaochomwa. Mwimbeni Kalunde."

"Mimi?" alisema Kalunde. "Mimi nimefanya nini? Nimekaa tu nyumbani na kulisha kuku."

"Hicho ndicho tulichokula, shemeji," alisema Lugembe.

"Aimbwe kwa kumkosa mwanangu!" alisema Mama Nshoma. "Yeye asifiwe kwa kuwa na kiu, na aliyekauka asitajwe?"

Mtemi akatazama mawingu. Mwisho akasema, "Mtama hauwezi kukaa uwanjani, mvua i karibu. Imbeni. Ukifika kwenye pengo, Kalunde, jina utakalolitia ndilo."

Kalunde akashika fimbo. Akaanza kuimba. Sauti ilitoka ndogo, kisha ikakua, wanawake wakaipokea, fimbo juu, fimbo chini, punje zikaruka. Alikuwa akiimba na kuiona njia, kwa kuwa uwanja ule unaitazama njia. Haikuwa na mtu. Lakini ilikuwa haijawahi kuwa na mtu kabla mtu hajatokea. Karibu yake mkwewe alikuwa amegeuza sikio la kulia, amelikinga kwa kiganja kama mtu anayekinga maji. Na Kalunde alijua kwamba akimtaja Mihambo, kikongwe yule atakufa ameshiba. Alijua pia kwamba yeye mwenyewe atakuwa amemzika mumewe kwa mdomo wake, na leo ndiyo atakuwa amekwenda kweli. Akijitaja mwenyewe, atamngoja mpaka afe, na kila mavuno mama wa Mihambo, na wote watakaozaliwa, watasikia jina la aliyebaki. Na akimtaja yule mwenye mdomo au yule mwenye shingo, mkeka unabaki, kiangazi watu wanatumwa vivukoni, ila nchi nzima itakuwa inaimba uongo kidogo, kila mwaka, kwa ajili ya moyo wa mwanamke mmoja.

Wimbo ukafika kwenye pengo. Fimbo zote zikapanda juu. Kalunde akafungua mdomo.

Fimbo ziko juu, jamani, na mikono ya wanawake wale inachoka. Nyie mnaojua kila kitu, nisaidieni kuzishusha: katika hao wanne, shujaa ni yupi? Na kama mdomo ule ungekuwa wako, ungemwita nani?