Bi Pimbi na Tundu la Filamu ya Simba

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakianika nguo kambani, wakiwapikia watoto uji na kwenda kuangalia sinema kama sisi, kulikuwa na bonde lenye mto katikati na kilima kimoja kando yake. Kilima kile kilikuwa cha Simba, mfalme wao. Alikizungushia chote ukuta mrefu, na chini kabisa, pale njia ya kupandia inapoanzia, akaweka geti la chuma. Yeye aliishi juu. Wengine wote waliishi chini, karibu na maji.

Huko chini alikaa Pimbi mmoja aliyeitwa Bi Kidawa. Mnamjua pimbi? Kanyama kadogo, kanene kidogo, utafikiri sungura aliyenyimwa masikio. Mumewe alishafariki, akamwachia watoto wawili, Riziki na Tatu.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha siku tatu bila kupumua. Siku ya nne mchana mto ukavunja kingo. Vuuuu! Wenye mbio wakakimbilia mbali, wenye makucha wakapanda miti. Wenye miguu mifupi, na watoto waliokuwa peke yao, wakaelekea kilimani kwa mfalme. Bi Kidawa alikuwa miongoni mwao, Riziki mgongoni, Tatu kamshika mkono.

Wakalikuta geti limefungwa.

"Hodi! Hodi! Tufungulieni, maji yanakuja!" Ngo! Ngo! Ngo!

Hakuna aliyejibu. Bi Kidawa aliweka sikio kwenye chuma, akasikia hatua nzito zikisogea upande wa pili, kisha sauti moja tu: kacha! Halafu hatua zikaondoka taratibu, zikapanda juu.

Maji yakafika.

Alipozinduka alikuwa juu ya jiwe, mbali sana na pale, mikono yake mitupu. Wote waliogonga geti lile walikufa. Alibaki yeye peke yake.

Sasa sikilizeni. Maji yalipokauka, Simba alitangaza kwamba siku ile alishinda mtoni akiwaokoa watoto wa raia zake, na kwamba geti lake lilikuwa wazi tangu asubuhi. Waziri wake, Fisi, akatengeneza filamu ndefu iitwayo *Mfalme Aliyeshinda Mto*. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana wanyama wote walitakiwa kwenda kwenye pango kubwa, wakae, waangalie, wapige makofi.

Bi Kidawa alisema, "Geti lilifungwa. Nilikuwepo."

"Kidawa, acha," alimwambia jirani yake, Mama Swala, ambaye siku ile alikuwa sokoni na mwanawe wa pekee akafia kwenye maji. "Huzuni imekuchanganya akili. Usimsingizie mfalme. Mimi nina hakika mwanangu alichelewa tu njiani."

Wengine nao wakasema vivyo hivyo. Wakamzoea. Akipita, wanampisha njia kama mgonjwa. Kila jioni aliwasha moto akapasha maji ya kuwaogeshea watoto, kisha akakumbuka, akayamwaga kwenye mihogo. Mihogo ilistawi. Yeye alikonda.

Ijumaa ya kumi na mbili, akiwa amekaa nyuma kabisa ya pango, aliona kitu. Filamu ilipokwisha akatoka, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Komba. Komba alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, mpenda tembo la mnazi, macho makubwa, na ndiye aliyekuwa na kamera ya kupigia picha za harusi.

"Shemeji, ile filamu ya mfalme ina tundu."

"Pazia limetoboka?"

"Hadithi ndiyo imetoboka. Angalia. Mwanzoni mfalme yuko kitandani, anakunywa chai, mvua inaanza. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Halafu ghafla yuko katikati ya mto, mtoto wa swala mabegani. Pale katikati hamna kitu! Alishukaje? Alipita wapi? Nani alimfungulia geti? Na manyoya yake, shemeji! Yuko mtoni na manyoya makavu kama majani ya paa."

Komba alijikuna. "Hee! Nimeiangalia mara kumi na mbili sijaona."

"Ulikuwa umelewa. Sasa sikiliza, nataka tutengeneze ya kwetu. Hadithi ile ile, hatua kwa hatua, ila mfalme awe Chura na mto uwe dimbwi. Ya kuchekesha. Na pale penye tundu, mimi nitapajaza."

"Utajaza nini?"

"Mfalme Chura anaingia uvunguni mwa kitanda, analia. Mkewe ndiye anayekwenda kufunga geti, kwa kamba ya katani, mikono inamtetemeka."

Komba akamtazama. "Bi Kidawa, si ulisema ulisikia hatua za Simba mwenyewe? Na ile kacha haikuwa kamba."

"Najua haikuwa kamba. Wewe piga picha."

Basi wakapiga picha. Chura alicheza vizuri mno. Alifungwa katani kichwani iwe manyoya ya shingoni, akapewa kikombe kikubwa kuliko yeye. Alipotaka kunguruma alitoa "krooo!" na kuanguka chali. Alipotoka uvunguni baada ya mvua kukatika, aliingia kwenye dimbwi la kumfika vidoleni, akajimwagia maji kwa kijiko na kupaza sauti, "Nani mwingine nimwokoe?"

Waliionyesha mchana ndani ya pango dogo la mawe alilokuwa akiishi Bi Kidawa, shuka lake limetundikwa ukutani. Siku ya kwanza walikuja watano. Siku ya pili walijaa mpaka mlangoni. Kwi kwi kwi! Ha ha ha! Nungunungu alicheka mpaka miiba ikamdondoka. Tangu mafuriko hakuna aliyekuwa amecheka katika bonde lile.

Bi Kidawa hakucheka. Kila ilipofika sehemu ya kugonga geti alitoka nje, akaziba masikio, akasubiri ipite.

Siku ya tatu habari zikafika juu. Simba alikasirika, mkia pwaa! pwaa! sakafuni.

"Leteni huyo Pimbi nimle!"

"Mtukufu," alisema Fisi, "ukimla hivi hivi, watasema yale ya kwenye filamu ni kweli. Mwite mbele ya watu. Aieleze filamu yake kipande kwa kipande. Akikiri kwamba amekudhihaki, hapo utamla kwa haki, na hakuna atakayenung'unika."

Simba akapenda. Kesho yake, saa nne asubuhi, wanyama wote wakaitwa kwenye pango kubwa. Filamu ya Chura ikaonyeshwa tangu mwanzo hadi mwisho. Safari hii hakuna aliyethubutu hata kutabasamu. Chura alijificha nyuma ya Komba, na Komba alikuwa mkavu, hajagusa tembo.

"Haya, Pimbi," Simba akanguruma. "Eleza. Nikijiona humo ndani, hata ukucha mmoja, nitakula wewe na Komba na huyo Chura, nyote kwenye sufuria moja."

Bi Kidawa akasimama mbele. Alikuwa mdogo sana pale. Alishika kijiti, akachora mistari mchangani.

"Mfalme, filamu ya kuchekesha ya namna hii haina maajabu. Inashika njia ya filamu kubwa, inaifuata nyuma nyuma, ila aliyevaa nguo za mkubwa ni mdogo. Kipande cha kwanza: mfalme anakunywa chai, mvua inaanza. Kwako kimo, kwangu kimo."

"Endelea."

"Kipande cha mwisho: mfalme yuko majini, anaokoa, anashangiliwa. Kwako kimo, kwangu kimo. Tofauti ni kina cha maji tu."

Kuna mmoja aliguna kwa kicheko. Fisi akageuka, na yule akanyamaza.

"Bado kipande cha katikati," alisema Bi Kidawa. "Katika kila hadithi, hapa ndipo shujaa anapoamua. Hatari imemfika mlangoni. Atatoka au hatatoka? Ukikiondoa kipande hiki hadithi haisimami. Filamu yako, Mfalme, haina kipande hiki."

"Haina?"

"Haina. Uko kitandani, kisha uko mtoni. Ndiyo maana nasema huyu Chura wangu hawezi kuwa wewe. Wangu aliingia uvunguni. Wewe uliingia uvunguni?"

"Mimi? Uvunguni?" Manyoya ya Simba yalisimama.

"Sijui, Mfalme. Filamu yako haisemi. Ndiyo maana watu wanacheka: wanaona tundu, wanaona Chura analia chini ya kitanda, na wanajaza wenyewe. Wanasema, labda mfalme aliogopa. Labda alimtuma mkewe. Labda kamba ya katani..."

"Uongo!"

"...labda mkewe ndiye aliyekuwa na moyo, na yeye akabaki chini ya kitanda akijikojolea..."

"UONGO!" Pango lilitikisika. Simba alikuwa amesimama wima, macho mekundu. "Simba hajifichi! Simba hamtumi mwanamke! Nilishuka mwenyewe, kwa miguu yangu, nikasimama pale getini maji yakinguruma, na nikatia komeo la chuma kwa mkono wangu huu! Kamba? Kamba gani? Komeo!"

Fisi alifumba macho.

Simba alitazama huku na huku, mkono bado uko juu, na taratibu akaelewa alichokisema.

Mama Swala ndiye aliyesimama.

"Ulitia komeo," alisema. "Walikuwa wanagonga?"

Simba alishusha mkono wake.

"Mfalme, nakuuliza kama mzazi. Mwanangu alikuwa na sauti kali. Uliisikia?"

"Kilima kisingetosha," Simba alisema. "Mngekuja wote, mngejaa, mngekanyaga bustani, mngekula akiba. Mfalme lazima afikiri."

"Walikuwa kumi na wanane," alisema Bi Kidawa. "Wengi wao watoto. Wangeenea ukumbini mwako na nafasi ikabaki."

Hakuna aliyemrukia Simba, wanangu. Simba ni simba. Makucha yake yalikuwa pale pale. Lakini Nungunungu alinyanyuka, akampa mgongo, akatoka. Kisha familia ya Pundamilia. Kisha Nyani na wazee wake. Wakatoka wote, na Fisi akawaita, "Rudini! Rudini, filamu ya mfalme bado haijaonyeshwa!" Hakuna aliyegeuka. Simba alitaka kunguruma, akashindwa. Akabaki amekaa mbele ya pazia jeupe.

Nje Komba alimkumbatia Bi Kidawa, machozi yanamtoka kwenye yale macho makubwa. "Tumeshinda! Shemeji, tumeshinda! Umemnasa kwa mdomo wake mwenyewe!"

"Ndiyo," alisema Bi Kidawa.

"Mbona hufurahi?"

"Nilidhani siku watakapoamini nitapumua. Sasa wameamini." Akajishika kifua. "Bado pako vile vile, shemeji. Pako vile vile kabisa."

Mama Swala alimfuata, akapiga magoti mbele yake, yeye mrefu mbele ya yule mfupi. "Nilikuita mwendawazimu. Nisamehe, Kidawa. Sikutaka iwe kweli. Ikiwa geti lilikuwa wazi, mwanangu alichelewa tu. Ikiwa lilifungwa, basi alifika, akagonga, akaita..."

Bi Kidawa alimshika kichwa, na wakalia pamoja pale njiani, mbele ya watu, bila kuoneana haya. Ukweli alioutafuta miezi yote ile ndio huo, na ulimwangukia rafiki yake kama jiwe.

Wanyama wakaamua kuhama siku ile ile. Hakuna aliyetaka kuishi chini ya kilima kile tena. Wakafunga virago, wakabeba sufuria na mikeka, wakaongozana kuelekea ng'ambo.

Ilikuwa kiangazi. Walipofika mtoni walikuta maji yamepungua hadi kuonyesha kokoto. Nyani walivuka wakipiga soga. Vifaranga wa kanga walivuka kwa kurukaruka, wala hawakulowa mabawa.

Bi Kidawa aliingia, akafika katikati, akasimama. Yeye mwenyewe, mfupi vile, maji yalimfika chini ya magoti. Yalikuwa ya vuguvugu na masafi. Yalizunguka miguu yake kwa upole, yakaenda zao.

"Haya tu?" alisema. "Ndiyo haya?"

Komba alirudi kumchukua, akamshika mkono. Alisimama naye pale mpaka wengine wote walipovuka na sauti zao zikapotea upande wa pili, kisha akamwongoza polepole hadi nchi kavu.

Nimewafikisha hapo nilipofikishwa na walionisimulia, na funzo ni hili, wanangu: mwenye kiburi ukimgusa sifa yake atakiri mwenyewe ubaya wake, lakini kukiri kwake hakumrudishii mama mtoto.