Wanaume Watangulie

Kwenye harusi ya bintiye, Bi Mwatumu, tajiri wa mtaa, aliwabebesha wanaume masufuria na viti, kisha akawaketisha pembeni. "Wanawake wanakula kwanza. Muungwana husubiri!"

Harusi iliyopita walisubiri hivyo hivyo, wakaambulia ukoko.

Mbaruku, mwenye mdomo usiolala, aliinuka. "Sawa, shangazi. Ila nifundishe huo uungwana. Mwizi akigonga mlango, nani akafungue?"

"Mwanamume!"

"Nyoka akiingia chooni?"

"Mwanamume! Unauliza nini wewe?"

"Na daraja likiwa bovu, nani apite kwanza?"

"Mwanamume! Mwanamke ni wa kulindwa!"

Vigelegele vikapigwa. Mbaruku akafunua sufuria la pilau, akanusa, akakunja uso.

"Pilau hili limekaa tangu asubuhi, na hali yake hatuijui. Jamani wanaume, hatari hiyo! Tutangulie kuonja!"

Mikono ikazama sufuriani. Bi Mwatumu alipofika sufuriani, mapaja ya kuku yalikuwa yameshatoweka.

"Mbaruku! Kuonja gani huko?"

"Tumekagua mpaka chini, shangazi," alijibu huku akilamba vidole. "Leteni sahani. Ukoko ni salama kabisa."